Tofauti za Ndimi Zetu



Mwezi huu twapenda kuandika juu ya jambo ambalo kwa dhahiri yake si la dini, nalo ni majina: vipi watu wa lugha mbali mbali huyaunda majina ya vitu, na wapi waliyapata. Watakuwapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya waalimu wa shule, wala haina nafasi katika gazeti lisomwalo na wazee na watoto nyumbani. Nasi hapo zamani tulikuwa na rai hiyo hiyo. Walakini Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala, katika Suratur-Rum, amezitaja tofauti za ndimi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, akazihisabu kuwa ni katika ishara Zake. Na ishara haisomwi kwa kupitwa mbio. Tena tuna deni letu wenyewe katika jambo hili, nalo tutalieleza mahali pake.

Mwaka 2018 Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda Umra. Tulipokuwa Madina tulizoea kukaa karibu na nguzo moja ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) baina ya sala ya Magharibi na Isha, na kwa jioni kadha wa kadha tukajikuta tumekaa na watu wale wale wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Kiafar kutoka Tadjoura katika nchi ya Jibuti, mwenye Kiarabu kizuri. Wa pili alikuwa kijana mzaliwa wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, ambaye babu yake alikuwa baharia wa Yemen. Msomaji asistaajabu. Zama za meli za moshi, Cardiff ilikuwa bandari kubwa ya makaa ya mawe, na Waingereza waliokuwa wakiitawala Aden waliwaajiri Wayemeni na Wasomali kuchochea moto ndani ya matumbo ya meli hizo. Baadhi yao walibaki Cardiff, wakaoa, wakazaa, wakafanya msikiti katika mtaa wa Peel Street. Msikiti huo uliangushwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, nao wakaujenga tena. Kijana wetu alikuwa na Kiarabu kidogo, Kiingereza kingi, na lugha ya tatu ambayo sisi tulidhani imekwisha kufa duniani, nayo ni Kiwelisi. Kwani alisomeshwa kwa lugha hiyo tangu utoto wake.

Mazungumzo yalianza kwa kosa letu. Mzee alituandikia jina lake katika kidaftari chetu, nasi tukalisoma kwa sauti: "Kali." Tukamtazama, tukamwona mpole kabisa. Yeye akacheka, akasema jina lake ni Ali kama Maali wote wa dunia, ila kwao huandikwa Qali.

Akatufahamisha. Katika miaka ya 1970 wasomi wawili wa Kiafar, Dimis na Redo, waliiwekea lugha yao maandishi ya herufi za Kilatini. Kiafar kina sauti ya 'ayn na sauti ya ha nzito, sawasawa na Kiarabu, na herufi za Kizungu hazina sauti hizo. Basi wakachukua herufi ambazo hawakuzihitaji kwa kazi yake ya kawaida wakazipa kazi nyingine: q ikawa 'ayn, c ikawa ile ha nzito, na x ikawa d itamkwayo kwa ncha ya ulimi iliyopindwa nyuma. Kwa hiyo Ali ni Qali, Hasan ni Casan, na wao wenyewe ni Qafar. Lugha yao huiita Qafar af, na af maana yake ni mdomo. Wasomali nao husema af kwa mdomo na kwa lugha, na Wahabeshi wa Kiamhara huuita mdomo af vile vile. Waarabu husema lisan, yaani ulimi. Twaona kwamba wengine wameipa lugha jina la mlango na wengine jina la mwenye nyumba.

Jioni ya pili tulimuuliza mzee juu ya majina ya kiume na ya kike, kwa kuwa sisi wasemao Kiswahili hili hutushinda tunapojifunza Kiarabu. Kwetu baba ni "yeye" na mama ni "yeye," na mlango hauna uke wala uume. Mzee akasema Kiafar kinayo jinsi mbili kama Kiarabu, lakini dalili yake mara nyingi haionekani kwa macho. Jina likimalizikia kwa irabu iliyokazwa sauti, hilo ni la kike. Likimalizikia kwa konsonanti, au kwa irabu isiyokazwa, hilo ni la kiume. Akatuandikia neno baxa, akatuamrisha tulisome bada. Ukilikaza mwanzo wake, umetaja mwana wa kiume. Ukilikaza mwisho wake, umetaja binti. Akatuandikia toobokoyta: ukikaza kabla ya mwisho, ni ndugu mwanamume, na ukikaza mwishoni, ni ndugu mwanamke. Herufi ni zile zile na karatasi ni ile ile. Mwana na binti wametengwa kwa pumzi tu.

Tulilirudia neno lile mara nyingi, na kila mara mzee akitwambia, "Umepata mtoto wa kiume," au, "Umepata binti," mpaka watu wa karibu wakaanza kutugeukia. Ndipo tulipokumbuka kwamba hata Kiswahili chetu kina chembe ya jambo hili. Tukisema barabara kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tumetaja njia kuu. Tukikaza ya tatu kutoka mwisho, tumesema sawasawa. Mtoto wa Kiswahili hakosei hapo, wala hakumbuki nani aliyemfundisha.

Kijana wa Cardiff alikuwa kimya muda wote huo, akitabasamu. Mwisho akasema kwamba kwao jinsi ya jina haikai mkiani, bali huonekana kichwani. Merch kwa Kiwelisi ni binti. Lakini ukitaka kusema "yule binti," ni y ferch, na ile m imegeuka sauti ya v, ambayo wao huiandika kwa f. Bachgen ni mvulana, na "yule mvulana" ni y bachgen, hapana kilichogeuka. Neno la kike hulainika likitanguliwa na y, na la kiume husimama vile vile. Kisha akatupa mfano ambao hatutausahau. Tad ni baba. Baba yangu ni fy nhad, baba yako ni dy dad. Na neno ei hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke pia, kama "yake" yetu. Lakini ei dad ni baba yake yule mwanamume, na ei thad ni baba yake yule mwanamke. Herufi ya kwanza ya baba ndiyo isemayo kama mtoto ni mume au ni mke!

Tulisema, pengine kwa kiburi kidogo, kwamba lugha ya namna hiyo ni taabu tupu, kwani mtu atalitafuta vipi neno katika kamusi ikiwa kichwa chake hakikai mahali pamoja? Kijana akatuuliza Waswahili twaitaje ile nyama iliyomo kinywani. Tukamwambia: ulimi. "Na zikiwa nyingi?" Tukamwambia: ndimi. Hapo tukanyamaza sisi wenyewe. L imegeuka d, u imeondoka, n imeingia, na sisi tumeishi na neno hilo tangu kuzaliwa bila ya kuliona. Uso na nyuso, ubao na mbao: mgeni anayeijua ndimi hataipata katika kamusi asipojua kuitafuta chini ya ulimi. Kijana hakusema neno zaidi, na adabu yake ilituumiza kuliko kama angetucheka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotupendeza kuliko yote, nalo ni hesabu ya mmoja na wengi.

Sisi tumezoea kuanza na mmoja. Yupo mtu, kisha wapo watu. Upo mti, kisha ipo miti. Wazungu wengi vile vile: wana neno la kitu kimoja, na wakitaka vingi huongeza kitu mwishoni. Kiwelisi nacho hufanya hivyo mara nyingi. Llyfr ni kitabu, llyfrau ni vitabu. Lakini wanayo majina mengi ambayo hesabu yake imepinduliwa. Coed ni miti, na hilo ndilo neno fupi, ndiyo asili. Ukitaka mti mmoja huna budi kuongeza, ukasema coeden. Adar ni ndege wengi, na ndege mmoja ni aderyn. Dail ni majani, na jani moja ni deilen. Sêr ni nyota, na nyota moja ni seren. Kwa neno la kiume huongeza -yn, na kwa la kike -en. Ni kama kwamba mtu wa Wales alifumbua macho akaona msitu kabla ya kuuona mti, akaona mbingu imejaa nyota, kisha ndipo akanyosha kidole akaitenga moja.

Kijana alipomaliza, mzee wa Kiafar akapiga goti lake kwa kiganja. Akasema kwao pia yapo majina ya jumla, na mmoja hutengwa kwa kuongezewa silabi yenye t mwishoni. Na papo hapo, ndugu wasomaji, sote watatu tukakumbuka Kiarabu, kwani tulikuwa tumekaa na misahafu mbele yetu. Nahl ni nyuki wote, nahla ni mmoja. Tamr ni tende, tamra ni kokwa moja ya tende. Shajar na shajara hivyo hivyo. Suratun-Naml imepewa jina la sisimizi kwa jumla yao, lakini aliyesema na kuwaonya wenziwe wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman (A.S.) ni mmoja, naye ametajwa kwa ile ta ya mmoja. Na katika Suratul-Baqara, Bani Israil waliamrishwa wachinje baqara, ng'ombe mmoja, mmoja yeyote. Badala ya kuchinja wakauliza, wakauliza tena, hata wakasema kwamba ng'ombe wamewatatiza kwa kufanana. Na hapo neno lao likaja baqar, pasipo ta, ng'ombe wote kwa jumla. Kisa hicho tumekisoma tangu chuoni, tumekisomesha watoto wetu, na hatukupata hata siku moja kuona kwamba taabu yote ya watu wale yakaa baina ya maneno mawili: wameamrishwa mmoja, wao wakajitia katika wengi. Tulihitaji Mwafar na Mwelisi watuonyeshe lililomo katika msahafu wetu.

Yafaa tuwatahadharishe vijana wapendao kukimbilia. Kiafar na Kiarabu zina udugu wa mbali. Wataalamu wa lugha huziweka katika ukoo mmoja mkubwa uliotapakaa Afrika ya Kaskazini, Pembe ya Afrika na Arabuni. Kiwelisi hakimo katika ukoo huo hata kidogo. Hicho ni jamaa wa lugha za Kikelti, na ukoo wake mkubwa ndio huo wa Kiingereza, Kiajemi na Kihindi. Basi kule kufanana katika kumtenga mmoja si urithi wa babu mmoja. Watu wawili wasiojuana, mmoja katika joto la Danakil ambako ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na mwingine katika mvua ya milima ya Wales, wamefika pahala pamoja kwa njia mbali mbali.

Kuna neno moja la Kiwelisi ambalo tulilipenda mno hata tukaliandika katika jalada la kidaftari. Watoto kwa Kiwelisi ni plant, na mtoto mmoja ni plentyn. Asili yake ni Kilatini, planta, yaani chipukizi, mche mchanga. Warumi walioitawala Britania tangu mwaka 43 hata mwanzo wa karne ya 5 ndio walioliacha neno hilo. Waairishi nao walilichukua wakalifanya jina la kizazi na ukoo. Waingereza wakalichukua likabaki kuwa mmea tu. Na sisi, ambao hatukupata kuwaona Warumi hao, huwaita vijana wetu chipukizi.

Maneno mengine mengi Warumi waliwaachia Wawelisi: pont ni daraja, ffenestr ni dirisha, ysgol ni shule, na hilo llyfr la kitabu. Lakini hebu tazama walivyoyafanya. Daraja ni pont, na "lile daraja" ni y bont, na madaraja ni pontydd. Mgeni ameingia nyumbani, amevuliwa viatu, amevishwa nguo za wenyeji, na sasa hujulikana kwa sauti yake tu. Sisi tumefanya vivyo hivyo. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ki yake si kiambishi bali ni sehemu ya shina; Mwarabu akitaka vingi husema kutub. Mswahili alipolisikia aliona linafanana na kiti na kisu, akalitia katika ngeli ile, akasema vitabu. Mu ya mu'allim akaifanya kuwa ile ya mtu, akapata walimu. Malaika ni wengi kwa Kiarabu, sisi twasema malaika mmoja bila ya haya. Na siku hizi, wale wanaoendesha magari hukiita kizunguko cha njia kipilefti, kwa kuwa Mwingereza aliandika pale kwamba watu wapite kushoto. Na vikiwa viwili ni vipilefti. Wapo wacheshi wanaolicheka neno hilo. Sisi twaona ni kazi ile ile ya kitabu, ila hii tumeiona ikifanyika kwa macho yetu.

Hapa mzee wa Tadjoura alitukumbusha khitilafu ya wanavyuoni wetu. Imamu Shafii (R.A.), ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, alishikilia kwa nguvu katika Ar-Risala kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu chote ni kwa ulimi wa Kiarabu. Wengine walisema yamo maneno yenye asili ya Kiajemi, Kihabeshi na Kirumi. Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliyakusanya, akataja kwamba wapo waliosema sirat ni njia kwa lugha ya Warumi. Na Abu Ubaid Al-Qasim bin Sallam aliwapatanisha: asili ya maneno hayo ni ya kigeni, lakini Waarabu waliyachukua wakayageuza kwa ndimi zao kabla ya kuteremka Qur'ani, basi ilipoteremka yalikwisha kuwa Kiarabu. Wote wawili, alisema, wamesema kweli. Tulifurahi kusikia hukumu hiyo kutoka kwa Mwafar, ambaye jina la Mola kwa lugha yake ni Yalla, na kila asikiaye hujua limetoka wapi na limekuwa la nani.

Majina ya mataifa nayo yana mambo. Waarabu waliwaita Waafar Danakil, wingi wa Dankali, na jina hilo ndilo lililoingia katika ramani za Wazungu. Wenyewe hawakuacha kujiita Qafar. Wawelisi hujiita Cymry, na nchi yao Cymru. Maneno hayo mawili hutamkwa sawa, na asili yake ya kale maana yake ni watu wa nchi moja. Jina la Wales walipewa na Waingereza, na katika lugha ya kale ya Waingereza hao maana yake ni wageni. Basi waliokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo ndio waliowaita wenyeji wageni! Na sisi? Waarabu walisema sahil kwa pwani moja na sawahil kwa pwani nyingi, nasi tukaitwa kwa huo wingi. Sisi lakini tumelikubali jina letu na twalipenda. Hatuna ugomvi nalo.

Kijana wa Cardiff ndiye aliyetuleta kwenye deni letu, naye hakujua. Tulimuuliza imekuwaje lugha yake kuishi, nayo imezungukwa na Kiingereza pande zote. Akasema kwanza kitabu: mwaka 1588 William Morgan aliifasiri Biblia yote kwa Kiwelisi, na watu wakawa na maandishi ya kusoma. Lakini baadaye walipatwa na mambo. Mwaka 1847 serikali ilichapisha taarifa juu ya shule za Wales, iliyoandikwa na makamishna watatu Waingereza wasiojua Kiwelisi, nao wakaisingizia lugha ile kuwa ndiyo chanzo cha ujinga na tabia mbaya. Wawelisi hata leo huliita jambo hilo kwa jina la usaliti wa vitabu vya buluu, kwa rangi ya majalada yake. Na katika baadhi ya shule za karne ile ya 19, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivishwa kipande cha ubao shingoni. Alikivaa mpaka amsikie mwenziwe akikosa, akampa yeye. Na yule aliyekutwa nacho mwisho wa siku alipigwa. Mwaka 1911 wasemaji wa Kiwelisi walikaribia milioni moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 wameonekana 538,000 hivi, chini ya mtu mmoja katika kila watano. Mwaka ule tulipoonana, yeye alikuwa akifundisha lugha hiyo watoto wa madrasa ya mtaani kwao, bila ya ujira.

Aliposema habari ya ubao tuliinama. Mzee akadhani tumechoka.

Sisi ni Wadigo kwa upande wa mama. Katika shule tuliyosoma utotoni, ambayo hatuna haja ya kuitaja, kulikuwa na kibao kama hicho, kimefungwa kwa kamba. Kiswahili kilikuwa kosa na Chidigo kilikuwa kosa kubwa zaidi. Tulikivaa mara nyingi, nasi tulijifunza kuwasikiliza wenzetu kwa masikio ya jasusi ili tukiondoe shingoni mwetu. Haya ya utoto tumeyasamehe. Lakini tulipokuwa na nyumba yetu Mombasa, na mama yetu akaja kukaa nasi baada ya kufiwa, alizoea kusema na wajukuu zake kwa Chidigo. Siku moja alimwita mtoto wetu wa pili amletee chitabu chake. Mtoto akacheka, akarudia, "Chitabu! Chitabu!" Nasi, badala ya kumtia adabu mtoto, tulimgeukia mama tukamwambia kwa upole, "Mama, uwaambie kitabu, wasije wakaharibika Kiswahili chao; tena wana Kiarabu na Kiingereza vya kujifunza." Mama akasema, "Haya, mwanangu." Tangu siku ile hatukumsikia tena akisema Chidigo na watoto. Miaka sita ilipita. Kumbe kibao kile hatukukitupa. Tulikivisha shingo ya mama yetu, naye hakupata wa kumpa.

Na tazama tulilolikataza. Kiambishi ki cha Kiswahili kwa Chidigo ni chi. Ndiyo maana lugha yenyewe si Kidigo bali ni Chidigo. Mdigo aliposikia kitabu, neno la Kiarabu lililokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili, aliliona kuwa ni mwenziwe, akalivisha tena kanzu ya kwao. Chitabu ni neno lililosafiri kuliko sisi. Tena mama husema mutu kwa mtu, na atu kwa watu: pale Kiswahili kimeimeza u, na Chidigo kimeimeza w. Mtoto wetu alikuwa na sehemu mbili za urithi mmoja mezani, nasi tukaiondoa moja tukadhani ni uchafu.

Tuliporudi kutoka Umra tulimwomba mama radhi. Akasema hakuna kosa, ametusamehe zamani. Tukamwomba aseme Chidigo na watoto. Akatutazama kama mtu aliyeombwa avae nguo zake za usichana, akasema, "Watanicheka." Kwa majuma mengi aliendelea kuwajibu kwa Kiswahili, nasi hatukuwa na uso wa kumhimiza. Tuliyemkataza kwa neno moja hatukuweza kumrudisha kwa maneno mia.

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya Tarawehe, tulikuwa tukiwasimulia watoto habari za mzee Qali na kijana wa Cardiff, na mama amekaa kando na tasbihi yake. Tukawafundisha ile ll ya Kiwelisi. Huweka ulimi kama unataka kusema l, kisha hupuliza pumzi ipite pembeni mwake, bila ya sauti. Tulipojaribu kusema llyfr tulimrushia mate mtoto wa pili, na nyumba nzima ikacheka. Mama naye akacheka. Akauliza, "Na neno hilo ni nini kwao?" Tukamwambia ni kitabu. Akauliza tena, "Nao pia walikatazwa?" Tukasema ndiyo, walikatazwa, wakafungwa vibao. Akaiweka tasbihi mapajani, akajaribu: mara ya kwanza ikatoka s, mara ya pili ikatoka f, mara ya tatu hatujui ilitoka nini. Yule mtoto wa pili, ambaye sasa alikuwa kijana mwenye kuanza kuota ndevu, akamwambia, "Si hivyo, bibi."

"Wewe je, waweza?" akamuuliza. Akajaribu, naye akashindwa.

"Basi sema hili jepesi," mama akasema. "Chitabu."

Mtoto akatutazama sisi kwanza. Kisha akamgeukia bibi yake, akasema, "Chitabu."

"Na vikiwa vingi?"